SULTANI HASAN WA KILWA, BABA WA VIPAWA

Sisi Washambaa tumesikia tangu utoto habari za Mbegha, jinsi alivyowagawia wazee wetu nyama ya nguruwe mwitu, nao wakampa ufalme kule Vuga. Watu wa nchi hii humpima mtawala kwa mkono wake. Basi, mwezi huu nataka kuwapasheni habari za mtawala wa pwani aliyeishi karibu miaka 400 kabla ya Mbegha, ambaye ukarimu wake ulijulikana hata nchi za mbali.

Jina lake ni Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, masultani wa kisiwa cha Kilwa. Alipokuwa kijana wa miaka 14 aliondoka kwao kwenda kuhiji Maka, akakaa Adeni miaka miwili akisoma elimu ya dini. Ufalme ukashikwa na ndugu yake Daudi kwa ajili yake, na Hasan aliporudi, Daudi akamkabidhi bila vita.

Akatawala tangu karibu na mwaka 1310 hata karibu na 1333. Siku zile dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa, na ushuru wake ukamtajirisha. Akaupanua msikiti mkuu, akajenga Husuni Kubwa juu ya jabali la pwani, jumba la vyumba zaidi ya 100, lenye birika la kuogea la pembe nane. Sarafu yake ya shaba imeokotwa hata Zimbabwe Kuu.

Mwaka 1331 akafika Kilwa msafiri Ibn Battuta, mtu wa Moroko, naye ndiye aliyetuachia habari hii. Siku ya Ijumaa Sultani alikuwa akitoka msikitini. Maskini mmoja wa Yemeni akamsimamisha njiani, akaomba nguo alizozivaa, tena saa ile ile. Sultani hakukasirika. Alirudi, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabia unyenyekevu wake. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10. Na Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kwa hiyo aliitwa Baba wa Vipawa. Alipokufa, Daudi akatawala. Maskini walipomwomba, aliwajibu kwamba mpaji amekufa, wala hakuacha kitu.

Ndugu wapenzi, nguo zile zilikuwa zake mwenyewe, na kuzivua mbele ya watu ni tendo jema. Mkristo asione haya kujifunza kwalo. Lakini wale watu 20 walikuwa mali ya nani? Msafiri yule yule asema kwamba Sultani alikuwa akienda mara kwa mara kuwapiga watu wa bara na kuteka nyara. Kila mtumwa aliyetolewa kipawa alikuwa na mama aliyemlilia.

Sisi twajua kilio hicho. Kimweri alipokufa mwaka 1862, wanawe na wajukuu walipigania nchi, na watu wengi wa milima hii wakauzwa. Ndiyo sababu mwaka 1896 yalijengwa makao kule Lutindi kwa watoto waliookolewa utumwani. Wala tusijisifu kwa jina la Kristo, maana Wareno walilibeba jina hilo mwaka 1505 walipoiteka Kilwa na kuipora.

Kumbukeni nabii Nathani alivyomwambia Mfalme Daudi habari za tajiri aliyemkirimu mgeni kwa mwana-kondoo wa maskini. Mgeni alishiba, lakini Mungu hakupendezwa. Nasi tutakapoleta mahindi na viazi madhabahuni siku ya mavuno, kila mtu na ajiulize kwanza kama amemlipa kibarua aliyemlimia, na kama mpaka wa shamba lake haukuingia katika shamba la mjane. Sadaka ya Kristo ilikuwa nafsi yake mwenyewe. Hakutoa cha mtu mwingine.