Mtoto anakohoa: aende shule au abaki nyumbani?

Mzazi mwenzangu, msimu wa mafua ukianza, wengi mnaniuliza kliniki kama mtoto anayekohoa aende shule au abaki nyumbani. Wiki hii nakujibu kwa kukusimulia maisha ya daktari mmoja aliyelazimika kujibu swali hilo kwa watoto karibu milioni moja.

Sara Josephine Baker alizaliwa mwaka 1873 huko Poughkeepsie, jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na miaka 16, baba yake alifariki kwa homa ya matumbo. Binti akaamua kusomea udaktari na kuhitimu mwaka 1898, kisha akaajiriwa na idara ya afya ya jiji la New York.

Mwaka 1907 alishiriki kumsaka Mary Mallon, mpishi aliyewaambukiza watu homa ya matumbo huku yeye mwenyewe akionekana mzima. Mwaka uliofuata akakabidhiwa kitengo kipya cha afya ya watoto. Aliwatuma wauguzi nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kunyonyesha, usafi na umuhimu wa hewa safi. Vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Mwaka 1918 yakaja mafua makali yaliyoenea duniani kote, hata kwetu Afrika Mashariki. Miji mingi ya Marekani ilifunga shule. Baker alishauri za New York ziachwe wazi, na mkuu wa idara, Royal Copeland, akakubali. Kosa lingeweza kugharimu maisha ya watoto. Lakini Baker aliyajua makazi yao: wengi waliishi kwenye vyumba vya kupanga vilivyojaa watu, visivyo na hewa ya kutosha. Shuleni kulikuwa na madirisha, walimu na wauguzi.

Hata hivyo, hakuacha milango wazi tu. Kila asubuhi mtoto alikwenda moja kwa moja darasani bila kukusanyika uwanjani, akakaguliwa. Mwenye dalili alitengwa na kurudishwa nyumbani. Idara ilihakikisha kwamba nyumba hiyo inaweza kumtenga na kumuuguza. Isipoweza, alipelekwa hospitali. Jiji lilipoteza watu zaidi ya 20,000, lakini shule zilibaki wazi hadi mwisho.

Baker alistaafu mwaka 1923 na kufariki mwaka 1945. Virusi vya mafua vya binadamu viligunduliwa mwaka 1933, miaka 15 baada ya uamuzi wake.

Sasa turudi kwako. Mpango ule ulitegemea kitu kimoja: mtoto mgonjwa aonekane mapema na atengwe. Ukimpa mtoto dawa ya kushusha homa alfajiri ili apite getini, homa inafichika lakini virusi vinaingia naye darasani. Jioni vitafuata watoto wengine hadi kwa bibi zao na wadogo zao wachanga. Mpime kabla hajavaa sare. Akiwa na homa, kikohozi kipya, maumivu ya mwili au anatapika, abaki nyumbani hadi homa iishe kwa saa 24 bila dawa. Alale mbali na wazee na wachanga, na madirisha yafunguliwe. Usimpe aspirini. Akipumua kwa shida, akishindwa kunywa, akilegea au akipata degedege, mkimbize hospitali.

Mwalimu, nawe ukiumwa, pumzika. Na kumbuka kuwa ukaguzi haumnasi kila mtu, kwa kuwa mafua huanza kuambukiza kabla dalili hazijaonekana. Ndiyo maana kunawa mikono na hewa safi darasani ni vya kila siku, hata pale wote wanapoonekana wazima.