Aliyekusanya mbegu akafa kwa njaa

Kedowa yetu iko mpakani mwa chai na nafaka. Ukielekea Kericho unalakiwa na majani ya chai. Ukielekea Londiani na Molo unakutana na mahindi, viazi na ngano. Mnamo mwaka wa 1995 mdudu mgeni aligunduliwa katika ngano ya Kenya, naye ni kidukari wa Urusi. Ni mdogo mno, lakini hulifanya jani la ngano lijikunje mfano wa mkeka, kisha akajificha ndani, ambamo dawa ya kunyunyizia haimfikii kwa urahisi. Jani hupata milia myeupe na ya zambarau, na suke hukwama likapinda. Mkulima mdogo hawezi kununua dawa kila mara. Tegemeo lake ni mbegu iliyozaliwa na ukinzani.

Je, mbegu hiyo hutoka wapi? Wanafunzi wengi watajibu kwamba hutoka maabara. Nionavyo mimi, jibu hilo ni pungufu, na ndiyo maana inatupasa kuwasimulia maisha ya Nikolai Vavilov.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka wa 1887, mwana wa mfanyabiashara mwenye asili ya ukulima. Mwaka wa 1913 alikwenda Uingereza kusomea elimu ya urithi chini ya William Bateson. Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: kwa nini mmea mmoja hudhurika na jirani yake akasalimika? Alisadiki kwamba ukinzani hutafutwa penye chimbuko la mmea, mahali ambapo mmea na adui zake wameishi pamoja kwa maelfu ya miaka.

Basi akafunga safari. Mwaka wa 1916 alifika Uajemi na milima ya Pamir. Mwaka wa 1924, Afghanistan. Mwaka wa 1927 alikuwa Ethiopia, jirani zetu, akapokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie. Huko alistaajabia wingi wa aina za ngano mashambani mwa wakulima wa kawaida. Kufikia mwaka wa 1940 hazina ya taasisi yake mjini Leningrad ilikadiriwa kuwa na sampuli 250,000 za mbegu.

Lakini serikali ya Stalin ilimpendelea Trofim Lysenko, aliyekana kuwapo kwa jeni na kuahidi mavuno ya haraka. Vavilov alikataa kuisaliti elimu. Mwezi Agosti 1940 alikamatwa akiwa katika safari ya kukusanya mimea huko Ukraine. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifo, hukumu iliyobadilishwa baadaye kuwa kifungo. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki katika gereza la Saratov, amedhoofika kwa njaa. Wakati huo huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani, na baadhi ya wenzake walikufa kwa njaa huku wakiilinda hazina ile bila kuila. Mahakama ilimtakasa jina mwaka wa 1955.

Yaliyofuata yamethibitisha rai yake. Chimbuko la kidukari huyu ni Asia ya Kati na maeneo ya karibu yake. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Afrika Kusini walipotafuta ukinzani dhidi yake, waliupata, miongoni mwa nyingine, katika ngano iliyotoka Iran, ambayo ndiyo Uajemi ya Vavilov. Siku hizi wataalamu hutumia alama za jeni kuufuata ukinzani huo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Alama si jeni yenyewe, bali ni kipande cha chembe za urithi kilicho karibu nayo na ambacho hurithiwa pamoja nayo. Hivyo kipande kidogo cha jani la mche humwambia mtaalamu kama mche huo una uwezekano mkubwa wa kuwa na jeni hiyo, kabla ya mdudu kuujaribu.

Hata hivyo, alama haiumbi kitu. Humwonyesha mtafiti kile tu ambacho mtu fulani alikwisha kukihifadhi. Naye mdudu halali: mwaka wa 2003, katika jimbo la Colorado, Marekani, kulitokea kidukari aliyeishinda ngano iliyotegemewa kwa ukinzani wake. Hapo lazima jeni nyingine itafutwe, na itatafutwa katika mbegu za kale.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wa Kedowa na kwingineko: tusiwafundishe wanafunzi kuidharau mbegu ya bibi kwa sababu haikutoka dukani. Wawaulize wazee majina ya wimbi, mtama na maharagwe yanayotoweka. Wayaandike, na mbegu wazihifadhi kavu, zenye majina yake. Nchi yetu ina benki ya jeni huko Muguga, lakini benki haiwezi kutunza akiba ambayo hakuna aliyeiweka. Mwacha asili ni mtumwa, nasi tukiiacha mbegu yetu ipotee, tutakuwa watumwa wa atakayetuuzia nyingine.