Mchungaji Johannes Lepsius na barua za mabalozi

Mchungaji huyu alizaliwa Berlin mwaka wa 1858. Baba yake, Karl Richard Lepsius, alijulikana sana kwa uchunguzi wa Misri ya kale. Kijana alitumika kwanza Yerusalemu, kisha akapewa kanisa la kijijini, Friesdorf. Angeweza kuzeekea pale.

Lakini kati ya 1894 na 1896, chini ya Sultani Abdulhamid II, Wakristo Waarmenia walichinjwa kwa wingi katika milki ya Uturuki. Lepsius alikwenda kujionea, akaandika kitabu, na mwisho akaacha parokia yake. Katika mji wa Urfa alianzisha kazi ya kusaidia wajane na yatima, pamoja na kiwanda cha mazulia.

Mwaka wa 1915 mauaji yalirudi, makubwa kupita yale ya kwanza. Mwezi wa Agosti alisimama mbele ya waziri wa vita, Enver Pasha, kule Konstantinopoli, akiwaombea Waarmenia. Alirudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata alichapa ripoti ya siri, karibu nakala 20,000, nyingi zikitumwa kwa wachungaji. Uturuki ulikuwa rafiki wa Ujerumani vitani, basi serikali yake mwenyewe ikaipiga marufuku. Yeye akahamia Uholanzi.

Vita vilipokwisha, wizara ya mambo ya inje ya Ujerumani ilimfungulia makaratasi yake. Mwaka wa 1919 alitoa kitabu chenye hati 444 za mabalozi na makonsuli. Nguvu ya hati hizo ni nini? Konsuli Rössler wa Aleppo hakuandikia magazeti. Aliandikia wakubwa wake, juu ya rafiki wa inchi yake. Balozi Wangenheim, ambaye hakuwa mtetezi wa Waarmenia hata kidogo, aliripoti Julai 1915 kwamba serikali ya Uturuki ilikusudia kweli kuwaangamiza. Kwangu mimi, shahidi wa namna hii ni mgumu kumkataa.

Hata hivyo wizara haikufungua sanduku bure. Ilitaka kuonyesha kwamba Ujerumani haina hatia. Baadaye wachunguzi walilinganisha kitabu na barua za asili, wakakuta maneno yamekatwa, hasa yale yaliyogusa fungu la Wajerumani wenyewe. Lepsius alipenda taifa lake pia, na hapo alilipa bei ya kupokea makaratasi kutoka mkono wa mshitakiwa. Mateso ya Waarmenia hayakupunguzwa na mkasi huo. Kilichopunguzwa ni hatia ya Berlin.

Juni 1921 alitoa ushuhuda Berlin katika kesi ya Soghomon Tehlirian, Muarmenia aliyempiga risasi Talaat Pasha, mkuu wa zamani wa serikali ya Uturuki. Mahakama ilimwachilia kijana huyo. Lepsius akafa Meran, Italia, Februari 1926.

Bunge la Ujerumani liliyaita mambo yale mauaji ya kimbari mwaka wa 2016, likakiri pia kwamba Ujerumani ilishiriki katika hatia.