Robert Koch na Rangi za Vijidudu

Mto Sigi hutoka katika milima ya Usambara ya Mashariki na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Tanga. Juu ya bonde lake pana mahali paitwapo Amani. Hapo Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi yetu, walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Mwaka 1906 alifika Amani daktari aliyekwisha kujulikana duniani kote, Robert Koch.

Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Alipokuwa akifanya utafiti mjini Berlin, kifua kikuu kiliua watu wengi mno, na chanzo chake kilikuwa hakijathibitishwa. Vijidudu vya ugonjwa huo havina rangi. Ukivitafuta kwa hadubini ndani ya kipande cha pafu la mgonjwa, ni kama kutafuta uzi mweupe ulioangukia pamba.

Je, wewe ungefanyaje? Koch alikitia kipande chembamba sana cha pafu katika rangi ya buluu, akakiacha kwa muda wa saa 24. Kila kitu kikawa buluu, kwa hiyo bado hakuna kilichotambulikana. Ndipo akatia rangi ya kahawia. Rangi hii ya pili iliiondoa buluu katika pafu, lakini vijidudu havikuiachia buluu yao. Vikaonekana wazi, vijiti vyembamba vya buluu juu ya kahawia. Koch alitangaza habari hiyo tarehe 24 Machi, 1882.

Fahamu kwamba buluu hiyo si rangi ya kijidudu chenyewe. Ni alama tu ya kuonyesha kilipo. Tena wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kijiti chekundu juu ya kijani huenda wasikione kabla. Cha buluu juu ya kahawia wangekiona.

Katika nchi yetu Koch alichunguza pia papasi, mwaka 1905, akaona vijidudu vya homa ya papasi hata ndani ya mayai yao. Kutoka Amani alikwenda mpaka visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria, kuwatibu wagonjwa wa malale. Dawa aliyoitumia huko ilikuwa na sumu ya aseniki, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Alifariki mwaka 1910.

Siku hizi, katika maabara nyingi, makohozi ya mgonjwa hutiwa rangi nyekundu kwanza, kisha buluu. Kijidudu cha kifua kikuu hubaki chekundu, na vingine vingi huwa buluu.