Salahuddin na Askari Wenye Njaa

Mpwa wangu alinisomea hadithi anayoitunga juu ya dola ya kubuni. Askari wake hawali, hawalipwi, wala hawakumbuki kwao. Nilimwambia dola haisimami kwa panga tupu, nikamhadithia habari za Sultani Salahuddin, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mkurdi huyu alizaliwa Tikrit, Iraki, yapata mwaka 1137. Alifuatana na ami yake, Shirkuh, mpaka Misri, na mwaka 1169 akawa waziri huko. Mali ya Misri ndiyo iliyomwezesha kupigana. Mwaka 1174 aliingia Damascus. Mwaka 1183 akaipata Halab. Maamiri wake walipewa mapato ya ardhi ili wawalishe wapanda farasi wao. Kwa hivyo vita vikirefuka, kila mtu hutamani kwao.

Mwaka 1187, huko Hittin, aliwashinda Wafaranji waliokuwa hoi kwa kiu, kisha akaikomboa Baitul Muqaddas bila ya kuwachinja waliosalimu amri. Lakini mji wa Sur ulimshinda. Baridi iliingia, askari walichoka, maamiri wakataka kurejea. Bandari ile ikabaki mlango wa adui, na mwaka 1191 Akka ikapotea.

Alifariki Damascus mwaka 1193. Kwa ukarimu wake, hazina yake haikuwa na fedha za kumzikia.

Mpwa wangu alinyamaza. Kesho yake alileta ukurasa mpya: askari anaomba ruhusa akavune shamba lake. Hapo ndipo nilipoiamini dola yake.