Samuel Ajayi Crowther: mtumwa aliyerudi nyumbani na kamusi

Katika masomo ya lugha za Kiafrika, Samuel Ajayi Crowther hutajwa kwa haraka: Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, mwandishi wa sarufi ya Kiyoruba. Ni kweli. Lakini inafaa sisi wanafunzi wa lugha tujue alikotoka kabla ya kuandika neno la kwanza la kamusi yake.

Ajayi alizaliwa mwaka 1809 hivi katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Asubuhi moja mwanzoni mwa 1821 wavamizi waliuzingira mji. Baba yake aliingia nyumbani kuwapa ishara ya kukimbia, na hawakumwona tena. Ajayi, mama yake Afala na dada zake walikamatwa, wakatiwa kamba shingoni. Alikuwa na umri wa miaka kama 12. Alibadilishwa kwa farasi, akatenganishwa na mama yake, kisha akauzwa tena na tena, safari nyingine kwa tumbaku na pombe kali. Alikata tamaa kiasi kwamba usiku alijaribu kujinyonga kwa mkanda wake, ila moyo ukakataa.

Aprili 1822 alipakiwa katika meli ya Wareno huko Lagos. Jioni ileile manowari za Waingereza, zilizokuwa zikiwasaka wafanyabiashara wa watumwa, ziliikamata meli hiyo. Vijana waliookolewa hawakujua kwamba wameokolewa. Walipoona nyama ya nguruwe imetundikwa na risasi za mizinga zimepangwa, walidhani ni viungo na vichwa vya watu. Miezi miwili baadaye walishushwa Freetown, Sierra Leone.

Hapo maisha yake yakageuka. Baada ya miezi sita hivi ya shule aliweza kusoma Agano Jipya kwa Kiingereza. Alijifunza pia useremala. Alibatizwa mwaka 1825 na kupewa jina la Samuel Crowther, na mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Kijana wa namna hiyo angeweza kutosheka na Kiingereza na kuiacha lugha ya utotoni izikwe pamoja na machungu yake. Yeye hakufanya hivyo.

Freetown yenyewe ilimsaidia. Watu waliookolewa melini walitoka pande nyingi za Afrika, hata Kongo. Ndiyo maana Sigismund Koelle aliweza kukusanya humo maneno ya lugha zaidi ya 100, zikiwemo za kwetu, katika kitabu alichotoa mwaka 1854. Crowther alianza na Kitemne, lugha ya wenyeji, kisha akairudia lugha yake mwenyewe. Mwaka 1841 alishiriki safari ya Waingereza katika mto Niger, ambamo homa iliwaua Wazungu wengi. Mwaka 1843 alipewa upadri London, na mwaka huohuo msamiati wake wa Kiyoruba ukachapishwa. Januari 1844 aliongoza ibada kwa Kiyoruba mjini Freetown, mbele ya watu waliopokonywa nchi kama yeye.

Mwaka 1846 alifika Abeokuta kufanya kazi ya umisionari. Wiki chache tu baadaye, mwezi wa Agosti, alikutana na mama yake. Miaka 25 ilikuwa imepita.

Kamusi na sarufi ya 1852 zinaonyesha mtu aliyekaa na wazee akasikiliza. Maneno mengi yamefafanuliwa kwa methali. Silabi zimewekewa alama za toni, kwa sababu katika Kiyoruba neno lenye sauti zilezile, ọkọ, huwa mume, jembe, mkuki au mtumbwi kwa kupanda na kushuka kwa toni. Tena aliona kwamba irabu za viwakilishi huafikiana na irabu za kitenzi, jambo ambalo leo tunaliita upatanifu wa irabu. Baadaye alifanya kazi pia juu ya Kinupe na Kiigbo, na akaongoza tafsiri ya Biblia ya Kiyoruba.

Alifanywa askofu mwaka 1864. Mwisho wake haukuwa mtamu: wamisionari vijana wa Kizungu walimnyang'anya madaraka ya kazi aliyoijenga, naye akafariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Askofu aliyemfuata katika eneo lake alikuwa Mzungu. Vitabu vyake vya lugha havikunyang'anyika.

Katika kitivo chetu wamo wenzetu waliofukuzwa vijijini na vita, wakafika mjini wakaambiwa kwamba Kifaransa kizuri ndicho kitakachowafungulia njia. Kifaransa wakisome, Crowther naye alikisoma Kiingereza kwa bidii. Lakini lugha nyingi za nchi hii bado hazina kamusi, na baadhi ya wasemaji wake wanakaa nasi darasani.