Hajime Hosokawa

Hajime Hosokawa (1901 – 13 Oktoba 1970) alikuwa daktari nchini Japani anayekumbukwa kwa kutoa taarifa ya kwanza kuhusu ugonjwa wa Minamata, yaani madhara ya sumu ya zebaki katika ubongo na neva. Alikuwa pia mwajiriwa wa kampuni iliyosababisha ugonjwa huo, na ndiyo maana si rahisi kumhukumu.

Maisha

Alizaliwa katika mkoa wa Ehime, kisiwani Shikoku, akasomea udaktari mjini Tokyo. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya kemikali ya Chisso, akawa mkuu wa hospitali ya kiwanda chake mjini Minamata, katika kisiwa cha Kyushu.

Aprili 1956 aliletwa hospitalini mtoto wa kike wa miaka mitano asiyeweza tena kutembea wala kusema vizuri. Walifuata wengine, hasa wa familia za wavuvi. Tarehe 1 Mei hospitali ya Hosokawa iliiarifu ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa ambao chanzo chake hakijulikani. Vijijini, paka waliokula samaki nao walikuwa wakipatwa na kifafa na kufa.

Paka nambari 400

Kiwanda kilitumia zebaki kutengeneza asetaldehidi, na maji taka yake yalimwagwa katika ghuba ya Minamata. Septemba 1958 yaligeuzwa kuelekea mdomo wa mto Minamata. Muda si mrefu wagonjwa wapya wakatokea upande huo.

Julai 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki ya kikaboni kuwa chanzo, lakini kampuni ilipinga. Mwezi huohuo Hosokawa alianza kumlisha paka nambari 400 chakula kilichochanganywa na maji taka ya mtambo wa asetaldehidi. Oktoba paka huyo akaugua kama wale wa vijijini. Kampuni ilificha matokeo na kuzuia jaribio lisiendelee. Hosokawa naye hakuyatangaza.

Kimya hicho kilikuwa na gharama. Tarehe 30 Desemba 1959 wagonjwa, bila kujua habari za paka huyo, walikubali fedha kidogo za pole kwa sharti la kutodai zaidi hata kama kiwanda kingethibitika kuwa chanzo. Hosokawa alistaafu mwaka 1962. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ulitangazwa kando ya mto Agano, mkoani Niigata, ambako kiwanda cha kampuni nyingine kilitumia njia hiyohiyo. Chisso iliacha njia hiyo mwaka 1968 tu.

Ushahidi

Julai 1970, akiwa mgonjwa wa saratani ya mapafu, Hosokawa alitoa ushahidi mbele ya mahakimu akiwa kitandani hospitalini, akaeleza jaribio lake na jinsi lilivyozuiwa. Alifariki miezi mitatu baadaye. Tarehe 20 Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa wagonjwa ushindi na kuubatilisha mkataba wa 1959.

Tope lenye zebaki lilichimbwa kutoka ghuba kati ya 1977 na 1990. Nyavu zilizowekwa mwaka 1974 kuzuia samaki wenye sumu kutoka nje ziliondolewa mwaka 1997, baada ya vipimo vya miaka mingi kuonyesha kwamba zebaki katika samaki imepungua.